Udongo Unaofunika Tope la Mgodi

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka kidogo nje ya malaria na kuhara, ingawa mtaona kuwa hatukwenda mbali. Familia nyingi za Mbweni, Bunju, Boko na Tegeta zina kijana, mkwe au ndugu aliyekwenda kutafuta riziki machimboni: Geita, Kahama, Nyamongo, Chunya. Wengine wamerudi na fedha wakajenga, wengine wamerudi na kifua. Wazazi hutuuliza hospitalini juu ya vumbi, juu ya zebaki, juu ya sayanaidi. Ni mara chache mtu huuliza juu ya kile kinachobaki dhahabu ikishaondoka, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote: tope.

Katika tani moja ya mwamba wenye dhahabu, migodi mingi hupata gramu chache tu, mbili au tatu au tano. Kilichobaki, yaani karibu tani nzima, kimesagwa hadi kuwa laini kama unga, kimechanganywa na maji na dawa, kisha kimemwagwa bwawani. Serikali na magazeti hukiita topesumu. Wachimbaji wadogo hukiita marudio, kwa sababu hukirudia tena na tena wakitafuta chembe zilizobaki. Mawe yasiyokuwa na dhahabu ya kutosha, yanayorundikwa kando bila kusagwa, wenzetu wa Geita huyaita magwangala. Vyote viwili hubaki hapo baada ya kampuni kufunga virago, na hubaki miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yetu.

Mtu wa Mbweni anaweza kusema: "Hayo yatuhusu nini? Huku kwetu hakuna dhahabu, kuna mikoko na bahari." Lakini sisi wa Kinondoni na Temeke tunayafahamu vizuri maji yanayochuruzika kutoka chini ya lundo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia dampo la Jiji lililokuwa likiwatesa kwa moshi, nzi na uvundo, wakashinda. Malori yalipoelekezwa Kunduchi Mtongani mwaka 1991, jirani kabisa na sisi, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani na wao pia wakashinda. Baadaye taka zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni karibu na Mto Kizinga, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila mahali hapo palikuwa na jambo moja ambalo mama yeyote aliyefua karibu na dampo alilijua bila kusoma: mvua ikinyesha juu ya lundo, yale maji meusi hutoka chini, na huenda yanakotaka yenyewe.

Lundo la taka na lundo la tope la mgodi si kitu kimoja. Taka huoza, tope halina cha kuoza. Lakini dawa yao ya kwanza ni ile ile, nayo ni kufunika kwa udongo ili mvua isipite. Kazi hiyo inaonekana rahisi mpaka uulize ni udongo gani, unene gani, umeshindiliwa vipi, na nani atautunza.

Uchachu unatoka wapi

Miamba mingi ya dhahabu na shaba ina jiwe liitwalo pairaiti. Ni la njano, linang'aa, na limewadanganya wengi wakalidhani dhahabu. Ndani yake mna chuma na kiberiti. Likiwa chini ya ardhi halina shida. Likisagwa na kuachwa juani, hewa na maji yakalifikia, hugeuka polepole na kutoa tindikali ya aina ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Kuna na vijidudu ambavyo havimdhuru mtu lakini huiharakisha kazi hiyo mara nyingi.

Tindikali hiyo ikishapatikana, huyeyusha madini mengine yaliyomo kwenye tope: shaba, zinki, kadimiamu, risasi, kobalti, aseniki. Mvua inayopita juu hubeba mchanganyiko huo hadi mtoni na visimani. Hapo ndipo kazi ya mhandisi inapogeuka kuwa kazi ya muuguzi.

Huku pwani tuna bahati moja. Mawe ya matumbawe tunayojengea, na yale ya Wazo na Boko yanayochimbwa kutengenezea saruji, ni mawe ya chokaa. Dondoshea siki juu ya kipande chake utaona povu. Chokaa hula tindikali. Ndiyo maana wahandisi hupima kwanza tope lenyewe: lina kiberiti kiasi gani, na lina chokaa kiasi gani cha kukabiliana nacho. Tope lenye chokaa nyingi huenda lisichache kamwe, na wakati mwingine chokaa huchanganywa humo kwa makusudi. Hata hivyo msomaji asitulie mno, kwa sababu aseniki inaweza kusafiri hata katika maji yasiyokuwa machachu.

Mwilini inakuwaje

Aseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu akiinywa kidogo kidogo kwa miaka, ngozi huanza kuwa na madoadoa meusi na meupe, viganja na nyayo hukakamaa na kutoa vinundu. Baadaye sana huweza kuleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu, kwa hiyo jicho wala ulimi havitakusaidia kupima.

Risasi huwaumiza zaidi watoto. Hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo unaokua. Anakuwa mzito darasani na hakuna anayejua sababu. Ikiwa nyingi huleta degedege. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu hukaa katika figo kwa miaka mingi na kuziharibu, na huidhoofisha mifupa. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huichanganya na dhahabu kisha huichoma, huleta kutetemeka, usahaulifu na hasira, na mvuke wake humfikia mtoto aliyebebwa mgongoni kama unavyomfikia mama yake.

Sasa jambo ambalo naomba kila mama alishike. Sisi wauguzi tumefundisha miaka mingi: chemsha maji. Ni fundisho sahihi, na tutaendelea nalo, kwa sababu linaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini madini hayachemki yakaondoka. Ukichemsha maji yenye aseniki, maji hupungua kwa mvuke na aseniki hubaki yote, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Ndiyo sababu ugonjwa huu hauzuiwi jikoni. Unazuiwa kule kwenye lundo.

Mifano mitatu ya jirani

Tuanze na Kilembe, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Shaba ilichimbwa huko kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tope liliachwa bondeni kandokando ya Mto Nyamwamba, mto ambao watu wanautumia kwa maji ya nyumbani. Kule Kasese mjini likabaki lundo jingine la pairaiti. Maji machachu kutoka lundo hilo yalitiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, yakaacha mkanda wa ardhi usioota kitu, kuelekea Ziwa George. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2013 kampuni moja ilichakata lundo hilo ili kupata kobalti, na hivyo likapungua sana. Kufunika si njia pekee, mara nyingine takataka ya jana ni mali ya leo. Lakini lile tope la bondeni lilibaki, na mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalishuka mlimani kwa nguvu, yakamega kingo na kuharibu hospitali ya Kilembe. Hakuna udongo wa kufunika unaoshindana na mto uliokasirika. Mahali pa kuweka lundo ni uamuzi wa kwanza kabla ya kifuniko chochote.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe, ambao hupeleka maji yake Mto Mara na hatimaye Ziwa Viktoria. Wanavijiji walieleza juu ya samaki na mifugo kufa na ngozi zao kuwasha. Upande wa mgodi ulisema karatasi ya plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa ilikuwa imeibwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, na Julai mwaka huo bwawa likaamriwa lisitumike hadi litengenezwe. Septemba 2019, baada ya Barrick kuuchukua mgodi moja kwa moja, amri hiyo iliondolewa. Mimi nayasoma matukio hayo mawili kama tukio moja: plastiki peke yake, bila ya udongo mzuri na bila ya watu wa jirani kuona faida ya kuilinda, haidumu.

Wa tatu ni Kabwe, Zambia. Huko walichimba risasi na zinki kuanzia mwanzo wa karne iliyopita hadi mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, malundo yakabaki wazi karibu na nyumba za watu. Kule tatizo kubwa limekuwa vumbi zaidi ya maji. Upepo wa kiangazi hulichukua lile tope lililokauka na kulimwaga uani, ambako watoto hutambaa na kutia vidole mdomoni. Vipimo vya damu katika vitongoji vya jirani vilikuta karibu kila mtoto ana risasi kupita kiasi. Basi kifuniko kina kazi tatu kwa mpigo: kuzuia mvua isiingie, kuzuia hewa isilifikie pairaiti, na kuzuia vumbi lisipande.

Udongo gani, na kwa namna gani

Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini mambo haya ukiyaeleza kwa vyombo vya jikoni hayana ugumu.

Kifuniko cha kwanza ni kama sponji. Unaweka udongo wa tifutifu, mnene, bila kuushindilia, kisha unaotesha majani na miti juu yake. Mvua ikinyesha, udongo huishika. Kiangazi kikija, mizizi huinyonya na majani huirudisha angani. Maji hayafiki chini kwenye tope kwa sababu yamerudishwa juu kabla ya kushuka. Ni njia nzuri na ya bei nafuu mahali penye mvua ya wastani na kiangazi kirefu. Kule Kidston, Queensland, Australia, waliitumia katika miaka ya 1990 kufunika mawe ya mgodi wa dhahabu.

Lakini sponji ina kikomo, na hapa hesabu inahitajika. Mita moja ya udongo mzuri inaweza kushika kiasi cha milimita 100 hadi 200 za mvua ambazo mizizi inaweza kuzirudisha. Chukua 150. Mita mbili zitashika 300. Sasa fikiri masika yetu ya Dar es Salaam. Aprili peke yake hutoa kwa wastani zaidi ya milimita 200, nayo inatanguliwa na Machi na kufuatwa na Mei. Mawingu hayaruhusu udongo kukauka katikati. Kwa hiyo sponji inajaa kabla ya masika kwisha, na kinachozidi hupita chini. Nzega au Shinyanga, ambako mvua ni chache na kiangazi ni cha miezi sita, sponji hiyo hiyo inaweza kutosha. Tarime, ambako hunyesha kwa wingi na kwa misimu miwili, haitatosha peke yake. Kwa hiyo msomaji akisikia kampuni inasema "tutafunika kwa mita moja ya udongo kama tulivyofanya nchi nyingine", aulize: hiyo nchi nyingine masika yake yakoje?

Kifuniko cha pili ni kama sakafu. Unachukua udongo wa mfinyanzi, unauloweka kwa kipimo, unaushindilia kwa mashine nzito tabaka baada ya tabaka. Ukifanywa vizuri, maji hupenya ndani yake sentimita tatu hivi kwa mwaka mzima. Hapo maji ya mvua hayana budi kutelemka pembeni na kuingia mifereji. Adui wa sakafu hii ni kiangazi. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wanaujua udongo mweusi wa mbuga: wakati wa mvua unanasa gari, wakati wa jua unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mfinyanzi uliopasuka ni sawa na chungu kilichovunjika. Mizizi ya miti nayo hutoboa, na mchwa hawaombi ruhusa ya mtu.

Hilo si jambo la kudhani. Katika mgodi wa Rum Jungle, kaskazini ya Australia, ambako masika na kiangazi hufuatana kama kwetu, walifunika malundo yao katikati ya miaka ya 1980. Tabaka la mfinyanzi halikufika sentimita 30, na juu yake waliweka udongo mwingine mwembamba. Miaka ya kwanza kazi ilionekana njema, maji yaliyopenya yalikuwa kidogo kama walivyokusudia. Baada ya miaka kumi hivi yalizidi kipimo walichojiwekea, maana mfinyanzi ulikuwa umekauka, umepasuka na kutobolewa. Ilibidi warudi kupanga kazi upya. Nchi tajiri ilikosea kwa sababu ya unene wa udongo usiofika magotini. Wenzetu wanaopanga leo wanalo somo hilo bure.

Kifuniko cha tatu ndicho kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu kinaonekana kama kiini macho. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kiasi, iweke juu ya kokoto. Maji hayadondoki. Sponji inayashikilia mpaka ijae kabisa, kwa sababu vitundu vidogo vina nguvu ya kushika maji kuliko nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto. Wahandisi hutandika kokoto au mchanga mkubwa juu ya tope, kisha udongo laini juu ya kokoto, na mara nyingine mchanga tena juu yake ili udongo laini usikauke. Wakitengeneza kwa mteremko, maji yanayoshikwa husafiri polepole pembeni ndani ya udongo laini hadi kwenye mfereji. Faida ya pili ni hii: hewa hupita ndani ya maji kwa shida, kiasi cha mara elfu kumi pungufu kuliko inavyopita katika hewa tupu. Kwa hiyo tabaka laini lililoloa muda wote ni kama mlango uliofungwa, na pairaiti iliyo chini hukosa pumzi. Kule Québec, Kanada, katikati ya miaka ya 1990 walifunika tope la mgodi mmoja kwa njia hii, na udongo laini waliotumia ulikuwa tope jingine la mgodi lisilo na kiberiti.

Kuna na njia ya kuliacha tope chini ya maji ya bwawa daima. Nchi za baridi huitumia. Kwetu jua hunywa maji mengi mno, na bwawa lililojaa ni hatari likipasuka. Jagersfontein, Afrika Kusini, ukuta wa bwawa la mabaki ya almasi ulibomoka Septemba 2022 ukaua watu. Novemba mwaka huo huo ukuta wa bwawa la Mwadui, Kishapu, nao ulibomoka na tope likaenea mashambani, bahati nzuri bila vifo. Sitaki kulizungumza zaidi ya hapo.

Katika mazoea mazuri wahandisi hawachagui kifuniko ofisini. Hutenga vipande vidogo vya majaribio pale pale mgodini, kila kimoja na udongo wa namna yake, na chini ya kila kimoja huzika beseni kubwa lenye bomba. Kisha hungoja masika mawili, matatu, na kupima maji yaliyofika kwenye beseni. Beseni halina siasa.

Yanayoharibu kifuniko kizuri

Mteremko mkali hufanya mvua ichonge makorongo, na korongo moja likifika kwenye tope, kifuniko kimekwisha. Mbuzi na ng'ombe hula majani yaliyooteshwa, udongo ukabaki uchi. Watu huuchota udongo ule mzuri wakafyatulie matofali. Wengine hulima mihogo juu yake. Mihogo hiyo nisingemshauri mtu aile kabla haijapimwa.

Lakini adui mkubwa kuliko wote hapa kwetu, na ambaye vitabu vya Kanada havimtaji, ni dhahabu yenyewe. Ndani ya tope la zamani bado mna chembe. Bei ya dhahabu ikipanda, marudio ya jana yanakuwa na faida tena, na kijana mwenye koleo na njaa hatasimamishwa na nyasi za mhandisi. Ataufukua usiku. Kwa maoni yangu, mpango wowote wa kufunika ambao haukuwauliza wachimbaji wadogo watakula nini, umeandikwa kwa ajili ya kabati. Afadhali marudio yenye dhahabu ya kutosha yachakatwe kwanza kwa utaratibu, kisha yanayobaki yafunikwe moja kwa moja.

Hapo pana hatari nyingine inayowahusu watoto wetu walioko huko. Marudio ya wachimbaji wadogo huwa yameshatiwa zebaki. Yakipelekwa tena kwenye matangi ya sayanaidi bila kuondolewa zebaki, vitu hivyo viwili huungana na zebaki husafiri majini kwa urahisi zaidi. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umeitaja tabia hiyo kati ya zile zinazopaswa kukomeshwa. Mwambieni kijana wenu hivyo akipiga simu.

Pia kifuniko hakifanyi kazi siku ile ile. Tope lililomwagwa likiwa na maji huendelea kuchuruzika kwa miaka hata kama mvua imezuiwa kabisa, kama nguo nzito iliyoanikwa kivulini. Kwa hiyo mifereji ya kukusanya maji, mahali pa kuyasafisha, na visima vya kupimia kuzunguka lundo lazima viwepo muda mrefu baada ya mgodi kufungwa. Hapo suala linakuwa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 zimeweka utaratibu wa tathmini ya mazingira, mpango wa kufunga mgodi, na dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha ardhi. Dhamana hiyo inapaswa kuwekwa mgodi ungali unazalisha, maana kampuni ikishafunga hakuna wa kumdai. Golden Pride ya Nzega, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya kwanza ya kizazi hiki kufikia mwisho wa uzalishaji, takribani mwaka 2014. Mingine inafuata, na vijana wanaozaliwa leo watakuta mingi imefungwa.

Wenye ndugu vijijini karibu na migodi wawaambie kwamba mikutano ya tathmini ya mazingira si ya wataalamu peke yao. Mwanakijiji ana haki ya kuuliza kwa Kiswahili chepesi: kifuniko kitakuwa na unene gani, udongo utachimbwa wapi, umejaribiwa masika mangapi, visima vya kupimia viko vingapi, na majibu ya vipimo yatabandikwa wapi. Akina mama wasikae nyuma kwenye mikutano hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaochota maji.

Na hapa nyumbani Mbweni? Sisi hatuna lundo la mgodi, lakini tunavyo visima vingi, vya kuchimba kwa mkono na vya mashine, na wengine wamejenga karibu na machimbo ya mawe ya zamani ambayo yalijazwa taka kisha yakafukiwa kwa kifusi chembamba. Hilo ni lundo lililofunikwa ovyo, na kanuni ni zile zile. Ukinunua kiwanja, waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini kabla. Kisima kikichimbwa, pamoja na kibali cha bodi ya maji ya bonde, maji yake yapimwe madini na si chumvi tu.

Maji hupimwa katika maabara za Wizara ya Maji na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usiende na maji kwenye chupa ya soda. Nenda kwanza maabara ukaombe chupa yao, useme unataka kupima madini, hasa aseniki na risasi, kwa kuwa chupa ya kipimo hicho hutiwa tindikali kidogo ili madini yasigande ukutani, na kwa hiyo haioshwi wala haisuuzwi. Acha bomba au pampu itiririke dakika kadhaa kabla ya kukinga. Andika juu ya chupa tarehe, mtaa na kina cha kisima, kisha ipeleke mapema kadiri unavyoweza. Kama kisima kina zaidi ya familia moja, gharama mnaweza kuchanga kwenye jumuiya. Kipimo kimoja wakati wa kiangazi na kingine baada ya masika hueleza mengi kuliko viwili vya siku moja.

Aliyetoka machimboni na akaona madoa kwenye ngozi, viganja kukakamaa, mikono kutetemeka, au mtoto wake amepauka damu bila minyoo wala malaria, afike hospitali na aseme wazi alikofanya kazi na maji aliyokuwa akinywa. Mara nyingi hatuulizi, naye hasemi.